Kabla ya Unga

Jumamosi moja ya Oktoba 2025 nilikuwa Uwanja wa Memorial, mjini Lincoln, jimbo la Nebraska, na pembeni yangu alikaa kijana Mnyarwanda anayesomea kilimo katika chuo kikuu cha hapa. Alinisikia nikiongea na mke wangu kwa simu, akageuka kunisalimia. Vijana wa Rwanda wamekuwa wakija Lincoln kusomea kilimo kwa miaka kadhaa sasa, na mara nyingi Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutazama mpira wa Kimarekani. Kila Emmett Johnson, mkimbiaji wa timu ya chuo, alipopewa mpira, watu zaidi ya 80,000 waliovaa nyekundu waliinuka, naye akainuka nao. Mechi ilipokuwa inaisha akaniuliza, "Mzee, huyu akiondoka itakuwaje?"

Ameondoka. Johnson alimaliza msimu ule akiwa na zaidi ya yadi 1,400 za kukimbia, mchezaji wa kwanza wa Nebraska kuvuka yadi 1,000 tangu 2018, kisha akatangaza kwamba anakwenda ligi ya kulipwa. Tangu siku hiyo swali la yule kijana nalisikia kwa kinyozi, kanisani na kwenye foleni ya dukani: nani atakimbia sasa? Nimeishi mji huu miaka 30, na miaka hiyo imenifundisha kuanza na swali jingine: nani atafungua njia?

Kwa asiyeujua mchezo huu, timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kuusogeza mbele yadi 10, yaani mita tisa na kidogo. Ikifaulu, hupewa mengine manne. Mpira unaweza kurushwa hewani au kubebwa mkononi kwa mbio. Mbele ya mkimbiaji, na mbele ya kotabeki anayepokea mpira na kuugawa, husimama watu watano wenye miili mikubwa. Wa katikati huupitisha mpira nyuma kati ya miguu yake, na baada ya hapo watano wote kazi yao ni moja: kuwasukuma wapinzani ili njia ipatikane. Nebraska ilijulikana Marekani nzima kwa watu hao. Na hapo hapo, kwa zaidi ya miaka 20 sasa, ndipo tunapopungukiwa.

Nilifika Lincoln Agosti 1995 nikitokea Lushoto, nina begi moja na barua ya ufadhili wa kusomea udongo. Tarehe 16 Septemba mwenyeji wangu alinipa tiketi yake. Sikujua ukubwa wa zawadi ile. Tangu Novemba 1962 tiketi za kila mechi ya nyumbani zimekuwa zikiuzwa zote, na siku ya mechi uwanja ule unakuwa kama mji wa tatu kwa ukubwa katika jimbo zima, baada ya Omaha na Lincoln wenyewe. Pointi za kwanza zilipoingia, maelfu ya maputo mekundu yaliachiwa yakapaa mpaka yakawa nukta. Mechi iliisha Nebraska 77, Arizona State 28. Mimi nilitoka bila kujua mpira ulikuwa wapi muda mwingi.

Kosa halikuwa la macho yangu peke yake. Mchezo ule ulitengenezwa ili kumchanganya anayeutazama. Kotabeki Tommie Frazier alikuwa anapokea mpira, anakwenda ukingoni, na njiani anamsoma mlinzi mmoja tu. Mlinzi akimfuata yeye, anamrushia mwenzake pembeni. Mlinzi akimfuata mwenzake, anakata ndani mwenyewe. Kocha Tom Osborne alikuwa ameujenga mtindo huo kwa miaka mingi, na mwaka ule timu yake ilikimbia karibu yadi 400 kwa kila mechi, ikamaliza bila kupoteza hata mechi moja.

Kwenye kiti cha kulia kwangu alikuwepo mzee mmoja mkulima wa mahindi, mikono yake imepasuka kama ya baba yangu. Aliniona ninavyohangaika kutafuta mpira. Akavua darubini shingoni mwake, akanivisha mimi, akasema, "Usimtazame mwenye mpira. Watazame wale watano." Nikawatazama. Niliona migongo mitano ikiinama pamoja, kila mmoja vidole vyake vimegusa zulia la uwanja. Mpira uliposogea, wote walipiga hatua ya kwanza kwa wakati mmoja, kwa pembe moja, na ukuta wa wapinzani ukahama mahali pake. Mwenye mpira alipita baadaye, mahali ambapo kazi ilikwisha kufanyika.

Niliondoka uwanjani nikimkumbuka bibi yangu na kinu. Kwetu mahindi ya makande yalitwangwa na wanawake watatu katika kinu kimoja. Mchi mmoja unashuka, wa pili unapanda, wa tatu uko njiani. Anayepita nje husikia mdundo usiokatika, kama mtu mmoja mwenye mikono mingi. Mgeni akiingia kati bila kuujua mdundo, michi inagongana na mahindi yanaruka nje. Nilipokuwa mdogo nililia nitwange na shangazi zangu. Bibi hakunikatalia. Alitoa mahindi kinuni, akatia pumba. Tulitwanga pumba siku nyingi, mimi na binamu zangu wawili, mpaka mdundo uliposhika. Ndipo akatia mahindi.

Pumba zile nilizikuta tena Lincoln. Majira ya baridi yalipoingia nilipata kazi ya kufagia ukumbi wa mazoezi, saa kumi na moja alfajiri, theluji ikiwa imefika magotini nje. Nebraska ilikuwa na historia kwenye mazoezi ya nguvu pia. Mwaka 1969 kocha Bob Devaney alimwajiri Boyd Epley, kijana mruka kwa upondo aliyeumia na kuanza kunyanyua vyuma, awanyanyulishe wachezaji wake. Anatajwa kuwa kocha wa kwanza wa nguvu kulipwa mshahara na timu ya chuo. Kabla ya hapo makocha wengi waliamini vyuma vinamfanya mchezaji awe mzito.

Alfajiri moja niliwakuta vijana watano wakifanya mazoezi ya hatua. Hapakuwa na mpira wala wapinzani. Sakafuni palibandikwa utepe mweupe kuonyesha kila mguu utue wapi. Mkubwa mmoja aliwahesabia, wakapiga hatua mbili, wakarudi. Hatua mbili, wakarudi. Nilifagia ukumbi mzima, vumbi la chaki likaisha, wao bado wako kwenye hatua mbili. Nilipofumba macho nilisikia viatu. Mara ya kwanza vilitua kama mawe yanayomwagwa. Nilipokuwa nafunga mlango wa stoo vilitua kwa mshindo mmoja.

Wawili kati ya wale watano hawakuwa na ufadhili. Walikuwa watoto wa mashamba waliojilipia ada, wametoka vijiji ambavyo watu wake wote wangeenea katika ngazi moja ya uwanja. Utaratibu ulikuwa kwamba kijana wa safu ya mbele anakaa mwaka wa kwanza bila kucheza, anakula, ananyanyua, anajifunza hatua. Wengi walianza kucheza mwaka wao wa nne, wengine wa tano. Wale wawili hakuna aliyewaita. Ila walijua kwamba safu ile ilikuwa na heshima yake. Dave Rimington, kijana wa Omaha aliyecheza katikati, alishinda Tuzo ya Outland ya wachezaji bora wa safu ya mbele mwaka 1981 na tena 1982, na mpaka leo ndiye pekee aliyeipata mara mbili. Asubuhi ile nilielewa kwamba timu inayokimbia vizuri Oktoba ilianza kukimbia Februari, miaka mitatu au minne nyuma.

Tarehe 2 Januari 1996 Nebraska ilicheza fainali na Florida, katika mechi ya Fiesta. Mzee wa darubini alikuwa amenialika nyumbani kwake, kilomita 50 kutoka mjini. Robo ya tatu ikielekea ukingoni, Frazier alichukua mpira, wapinzani wakamvaa mmoja baada ya mwingine, akawakung'uta wote akakimbia yadi 75 mpaka mwisho. Watu waliokuwa sebuleni walipiga kelele mpaka mbwa akatoka nje. Nebraska ilishinda 62 kwa 24, na siku hiyo ilikimbia yadi 524.

Siku ya pili wageni walipokwisha kuondoka, mzee alirudisha mwanzo mkanda alioirekodia mechi. Mbio zile za Frazier hakuzigusa kwanza. Alinionyesha mbio za yadi tatu, nne, tano, za robo ya kwanza na ya pili, na kila mara aligusa kioo kwa kidole chake kinene akionyesha kifua cha mpinzani mmoja. "Angalia anavyopumua," alisema. Kisha akapeleka mbele, mpinzani yule yule, robo ya tatu. Mikono imeshika kiuno. Anachelewa kuinama. Ndipo akaniachia nizitazame zile yadi 75. Nilimwambia kwamba kwetu tuna msemo, bandu bandu huisha gogo. Nilipomfasiria aliitikia kwa kichwa kwa muda mrefu, kama mtu aliyesikia habari za jamaa yake.

Hapo ndipo thamani ya kukimbia ilipo, na ndicho wengi wanachosahau wanaposema mchezo wa kurusha una kasi zaidi. Yadi nne zinaonekana haba. Ila zinakula saa, zinampumzisha mlinzi wako aliyeko benchi, na zinachosha miguu ya mpinzani wako. Timu inayojua kukimbia ikihitaji yadi moja haiulizi bahati.

Osborne alistaafu baada ya msimu wa 1997, akiwa na ushindi 255 katika miaka 25. Mtindo wake ulidumu kidogo, na mwaka 2001 Eric Crouch, kotabeki mkimbiaji, alipata Tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo. Mwaka 2004 timu iliingia katika mfumo mpya wa kurusha mpira. Msimu ule ilishinda mechi tano ikapoteza sita. Ulikuwa msimu wa kwanza wa kupoteza zaidi ya kushinda tangu 1961, na tangu 1968 hapakuwa na mwaka timu ilipokosa mechi ya baada ya msimu, ile wanayoalikwa timu zilizofanya vizuri.

Ningependa kuwalaumu waliofanya uamuzi ule, lakini kabla ya hapo nami nilikuwa nimefanya wangu. Mwaka 2002 kaka yangu aliniandikia kutoka Lushoto. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka dunia nzima, mkulima anachuma kwa hasara. Alitaka kung'oa mibuni aliyoipanda marehemu baba, apande nyanya na kabichi, akaomba nimtumie fedha za mbegu. Mimi ndiye msomi wa udongo katika ukoo. Nilijua mbuni unataka miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa vizuri, nikajua nyanya inataka dawa kila wiki. Nikatuma fedha. Miaka ya mwanzo nyanya zilimlipa. Kisha wakulima wote wakalima nyanya, bei ikaanguka. Mwaka 2011 bei ya kahawa ilipopanda kuliko ilivyowahi kuwa kwa miaka mingi, nilikwenda likizo nikamkuta kaka amesimama katikati ya miche mipya ya kahawa inayomfika gotini. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mdogo wangu, baba angekuwa anachuma leo."

Maneno yale yamekaa nami kila msimu wa mpira unapoanza. Safu ya mbele ni mibuni. Tangu 2004 timu imepitia makocha wakuu watano, na kila mmoja amekuja na mbegu yake. Kila mfumo una hatua zake, lugha yake, hata umbo la mchezaji unayemtaka. Mwenye mwaka wa tatu anaambiwa aanze upya. Sisemi kwamba hatukuona mavuno. Ameer Abdullah alivuka yadi 1,000 mara tatu mfululizo, kuanzia 2012 hadi 2014, na nilishangilia mpaka sauti ikakauka. Ila mkimbiaji wa namna yake anaweza kuficha njaa ya shamba. Akiondoka, ndipo unapoona kwamba chini hakuna miche.

Mwaka 2021 somo hili liliingia nyumbani kwangu. Mwanangu alikuwa anacheza safu ya mbele katika shule yake ya sekondari. Vijana wa leo wanalelewa katika mtindo wa kutawanyika uwanja mzima. Kotabeki anasimama yadi tano nyuma, na watu wa mbele wanarudi nyuma kumlinda. Wengi wanafika chuo bila kuwahi kuweka vidole chini na kumsukuma mtu mbele. Kocha wa mwanangu alikuwa wa kizamani, aliwafundisha kukimbia. Miezi ya kwanza kijana alirudi nyumbani amenuna. "Baba, hata mtangazaji hataji jina langu," alisema.

Jioni moja ya Ijumaa walihitaji kumaliza mechi wakiwa mbele kwa pointi tatu. Walikimbia mara 11 mfululizo. Hakuna mbio iliyozidi yadi sita. Saa iliisha mpira ukiwa mikononi mwao. Alipokuja garini aliweka kofia yake ngumu ya mchezo mapajani, sikuweza kuacha kuitazama. Kofia ilikuwa nyeupe, lakini paji lake lilikuwa limepakwa rangi za kofia za wengine: mkwaruzo wa bluu, wa kijani, wa njano, kila mmoja umeachwa na mtu aliyemsukuma. Nilitaka kumsaidia kuisafisha. Akaniambia, "Baba, iache. Hayo ndiyo majina." Kofia ile iko kwenye rafu sebuleni mpaka leo.

Katika mwaka ule ule sheria za vyuo zilibadilika. Mchezaji sasa anaweza kuhama chuo na kucheza mara moja, na anaweza kulipwa kwa matumizi ya jina lake. Siyaonei kinyongo hayo. Vijana hawa wanajaza viwanja na kuuza matangazo, na ni haki wapate chao. Lakini watano wanaotwanga pamoja miaka minne wamekuwa adimu. Mwaka 2025 ikaja sheria nyingine: timu isizidi wachezaji 105. Mtoto wa jirani yetu, kijana wa shamba mwenye mabega kama mlango, alikuwa ameahidiwa nafasi ya kujilipia katika chuo kimoja. Aliambiwa kwa simu kwamba nafasi haipo tena. Niliwaza wale wawili niliowakuta kwenye utepe alfajiri ya 1996. Leo wangepigiwa simu ile ile.

Na bado nina tumaini, tena lenye sababu. Msimu wa 2025 ulituonyesha kwamba Nebraska inaweza tena kusogea kwa miguu. Hata takwimu zetu zina kitu cha kutupa moyo kwa anayezisoma vizuri. Katika mpira wa vyuo, kotabeki akiangushwa nyuma kabla hajarusha, yadi zilizopotea hupunguzwa kwenye hesabu ya kukimbia. Kwa hiyo mara nyingi tunaposema timu imekimbia vibaya, sehemu ya ubaya huo ni ya ulinzi wakati wa kurusha. Dawa ya yote mawili ni watu watano wale wale. Ukiwatengeneza hao, umetibu magonjwa mawili kwa dozi moja.

Ningekuwa na nafasi ya kuomba kitu kwa wanaoiongoza timu, ningeomba kwamba katika fedha za kuwabakiza wachezaji, watu wa mbele wafikiriwe kabla ya wenye mpira, ili angalau watatu kati ya watano wacheze pamoja miaka miwili au mitatu. Ningeomba kwamba katika zile nafasi 105 zibaki chache kwa kijana wa kijijini ambaye atakuwa tayari akifika mwaka wa nne. Na kocha wa safu ya mbele asibadilishwe kila upepo unapogeuka. Kwetu sisi wa majukwaani nina ombi pia: tujifunze kushangilia yadi tatu. Kijana akisikia uwanja mzima umeguna kwa yadi tatu, anajifunza kuzionea aibu.

Wiki iliyopita yule kijana Mnyarwanda alinipigia. Alikuwa amesoma habari za wakimbiaji wanaoshindania nafasi ya Johnson, akataka nimtajie mmoja. Nilimwambia nitampa jibu Septemba, na kwamba nitamletea darubini. Yule mzee mkulima alifariki miaka kadhaa iliyopita, darubini aliniachia. Kisha nilimsimulia habari za bibi na kinu. Alicheka, akaniambia kwao pia wanatwanga. Akauliza, "Sasa hivi, Mzee, wako wapi?"

Ilikuwa Februari, saa kumi na moja alfajiri, na theluji ilikuwa inaanguka.

"Wako kwenye pumba, mwanangu," nilimwambia. "Tuwaache watwange."